Nafasi Mbili za Mwisho: Kwa Wanaoandika Programu za Thredi Nyingi

Boti moja ya kupeleka wageni kuona pomboo pale Kizimkazi, Unguja, ina wauzaji wengi kuliko mabaharia. Papasi wa Forodhani, yaani dalali wa watalii, huiuza usiku kwa wageni waliokwenda kula mishikaki. Mtu wa mapokezi kwenye hoteli ya Paje huiuza kwa simu. Nahodha mwenyewe huiuza alfajiri, Mkunguni au Dimbani, kwa mgeni aliyelala kijijini na kuamka mapema. Biashara ya namna hii ikihamishiwa kwenye programu, anayeombwa kuiandika mara nyingi ni kijana aliyetoka chuo juzi, labda SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kule Tunguu, aliyesoma thredi kwa ajili ya mtihani na kufaulu. Makala haya ni yake, na ya yeyote anayeandika mfumo ambamo watu wengi hugombea kitu kimoja.

Kiini cha programu hiyo ni namba moja tu: nafasi zilizobaki. Namba hukaa ndani ya kigeu, nasi tukiite nafasi. Seva hupokea maombi mengi kwa pamoja, na kila ombi hupewa thredi yake, yaani mfuatano wake wa amri unaokwenda sambamba na mifuatano mingine ndani ya programu ile ile na kumbukumbu ile ile. Kila thredi inakiona kigeu kile kile. Hapo ndipo kinapoitwa kigeu cha pamoja, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Ukiandika nafasi = nafasi - 2, jicho linaona tendo moja. Prosesa inaona matendo matatu: soma thamani, toa mbili, andika jibu. Sema boti inachukua wageni 8 na zimebaki nafasi 2. Papasi amebonyeza kitufe, na mwenzake wa Paje amebonyeza sekunde hiyo hiyo. Thredi ya kwanza inasoma 2. Haijaandika bado, ya pili nayo inasoma 2. Zote zinaona nafasi zinatosha, zote zinatoa mbili, zote zinaandika sifuri. Programu haikulalamika popote. Skrini inaonyesha sifuri, hesabu safi kabisa, na watu wanne wana tiketi za viti viwili. Watakutana ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa wameshalipa teksi kutoka upande mwingine wa kisiwa.

Kosa la aina hii linakera kwa sababu haliachi alama. Ukigawa kwa sifuri, programu inaanguka na kukuonyesha mstari wenye kosa. Hapa mistari yote ni sahihi ukiisoma mmoja mmoja, na kosa limo katika namna thredi mbili zilivyopishana. Pengo lenyewe ni fupi mno kiasi kwamba kwenye kompyuta yako, ukijaribu peke yako kwa kidole kimoja, utabonyeza mwaka mzima usilione. Litaonekana Agosti, wageni wamejaa, mtandao unasuasua na watu wanabonyeza mara mbili mbili. Anayejitetea kwa kusema mfumo wake haujawahi kukosea anazungumzia uchache wa wateja wake, hazungumzii ubora wa kazi yake.

Kisa ambacho kila anayegusa thredi anatakiwa akijue ni cha Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa na AECL, shirika la nishati ya atomiki la Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine za aina hiyo ziliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Ndani ya programu yake kazi kadhaa zilikwenda sambamba zikisoma na kuandika vigeu vya pamoja bila ulinzi. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji aliandika herufi ya aina moja ya tiba badala ya nyingine, akagundua, akarudi juu na kusahihisha haraka. Wakati huo mashine ilikuwa inapanga sumaku zake, shughuli iliyochukua kama sekunde 8. Skrini iliyaonyesha masahihisho. Sehemu ya programu iliyopanga mionzi haikuyaona. Mwendeshaji mgeni, mwenye vidole vizito, asingeweza kulisababisha kosa hilo, maana angechelewa kupita zile sekunde 8. Ilihitajika mtu aliyeizoea kazi.

Watafiti Nancy Leveson na Clark Turner, waliozichambua ajali hizo na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 1993, walionyesha pia kwamba mashine ya kabla yake, Therac-20, ilikuwa na kasoro ya jamaa moja na hiyo. Haikuua mtu kwa sababu ilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vilivyokata mionzi bila kuisikiliza programu. Vizuizi hivyo viliondolewa kwenye Therac-25, programu ikaaminiwa peke yake. Somo ninalolichukua mimi hapo ni gumu kidogo kumeza: msimbo uliofanya kazi miaka mingi unaweza kuwa ulibebwa na kitu kingine, na siku kitu hicho kikiondolewa utajua. Mfumo wako wa boti leo huenda unabebwa na nahodha anayempigia simu papasi kuhakikisha.

Kosa la jamii hiyo lilichangia pia giza kubwa la tarehe 14 Agosti 2003, lililowakumba watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada. Mfumo wa tahadhari wa kampuni moja ya umeme ya Ohio ulinyamaza kimya kwa sababu ya shughuli mbili zilizoshika data moja kwa pamoja, na waliokuwa zamu wakaendelea kudhani mambo ni shwari. Sisi Unguja giza letu refu, lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010, lilitokana na waya wa chini ya bahari, si programu. Lakini aliyelikaa hahitaji kuelezwa uzito wa kitu kinachoharibika mahali kisipoonekana.

Sasa ushauri. Wengi wakishaelewa tatizo hukimbilia kufuli. Lugha karibu zote zina kitu hicho: thredi ikitaka kugusa kigeu hushika kufuli kwanza, nyingine zinasubiri, ikimaliza inaliachia. Kufuli ni zuri, ila liwe jibu la pili. La kwanza ni kujiuliza kigeu hiki kina ulazima gani wa kuguswa na thredi zaidi ya moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kigeu kilichotangazwa ndani ya funksheni, kikatumika humo na kufia humo, ni mali ya thredi moja na hakihitaji ulinzi wowote. Thamani isiyobadilika baada ya kuundwa, kama jina la boti na uwezo wake wa abiria, inaweza kusomwa na thredi elfu bila madhara. Ukipunguza vigeu vinavyoguswa na wengi vikabaki vitatu, utavilinda vizuri. Vikiwa mia, hata ukiwa fundi kiasi gani, utasahau kimoja.

Kibaya zaidi ni kigeu cha pamoja ambacho hukujua ni cha pamoja. Katika Java, kwa mfano, kitu kimoja kinachopokea maombi ya wavuti huhudumia wateja wote, kwa hiyo ukiweka jina la mteja kwenye sehemu yake ya kudumu badala ya ndani ya funksheni, mgeni wa Ujerumani ataletewa risiti ya mgeni wa Nairobi. Chombo cha zamani cha kupangia tarehe, SimpleDateFormat, nacho kimewaliza wengi: watu hukitengeneza mara moja na kukiweka mahali pa wote ili kuokoa muda, wasijue kwamba ndani yake kina vigeu vinavyobadilika. Thredi mbili zikikitumia kwa pamoja, tarehe 12 Julai inaweza kugeuka tarehe isiyokuwamo kwenye safari ya mtu yeyote. Soma maelezo ya maktaba unayotumia. Mahali palipoandikwa kuwa kitu si salama kwa thredi nyingi pana maana yake, na mahali pasipoandikwa kitu chukulia si salama.

Njia moja ninayoipenda, ambayo haipewi nafasi ya kutosha madarasani, ni kukipa kila kitu kinachogombewa mwenyewe mmoja. Boti namba 3 ina thredi moja inayoshughulika nayo. Wengine wote wanatuma maombi yao kwenye foleni, naye anayachukua moja baada ya jingine na kujibu. Hakuna kufuli, hakuna kupishana, maana kigeu hakikuwahi kuwa cha pamoja. Lugha ya Go ilijengwa kwa kupendelea mtindo huu, lakini foleni zinapatikana karibu kila lugha.

Pale ambapo lazima kigeu kiguswe na wengi, funga. Na hapa pana kosa ninaloliona mara nyingi kwa watu wanaojua makufuli vizuri tu. Wanalinda kigeu, wanaacha kulinda kanuni. Programu ya boti ina kanuni moja: nafasi zilizobaki ukizijumlisha na abiria walioandikwa, jibu ni uwezo wa chombo, wakati wote. Kanuni hiyo imeenea kwenye vitu viwili, namba na orodha ya majina. Ukiweka kufuli moja kwenye namba na jingine kwenye orodha, kila kimoja kitakuwa salama na kanuni itavunjika katikati, baada ya namba kupungua na kabla jina halijaingia. Vilevile ukishika kufuli kuangalia kama nafasi zipo, ukaliachia, kisha ukalishika tena kupunguza, hujalinda kitu, kwa sababu jibu ulilolipata linaweza kuwa limeshachacha. Kuangalia, kupunguza na kuandika jina viwe chini ya kufuli moja, kwa mshiko mmoja. Na kila njia inayogusa vitu hivyo ishike kufuli lile lile: ya kuuza, ya kufuta, ya kuhamisha, hata ile ya kusoma tu kwa ajili ya ripoti ya jioni. Kila njia uliyoisahau inaweza kuivunja kanuni nzima.

Kwetu visiwani jambo la uwezo wa chombo haliwezi kuandikwa kwa mzaha. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Haikuwa kosa la programu. Lakini anayeandika programu ya kuhesabu abiria aandike huku anajua namba hiyo ina kazi gani.

Kuna tatizo la pili lililojificha nyuma ya la kwanza, nalo ni la kuonekana. Tuseme una kigeu safariImefutwa. Kusi imevuma, bahari imechafuka, msimamizi anakigeuza kuwa kweli. Thredi inayouza inakizungukia kila mara ikikiangalia, na inaendelea kuuza. Imekuwaje? Kompaila ina ruhusa ya kupanga upya amri zako na kukisoma kigeu mara moja tu kama haioni sababu ya kukirudia, na viini vya prosesa vina hifadhi zao za karibu na vinaweza kuchelewesha au kubadilisha mpangilio wa maandiko. Hakuna anayedanganya hapo. Lugha haikuahidi kwamba thredi moja itaona alichoandika mwenzake, mpaka uombe. Java iliziweka sawa kanuni zake za jambo hili katika toleo la 5 la mwaka 2004, na C++ haikuwa na kanuni rasmi za thredi hadi toleo la 2011. Kushika kufuli kunaleta ahadi hiyo pamoja nako. Katika Java unaweza pia kukitia kigeu alama ya volatile, nayo inatosha kwa bendera kama hii ya kweli au si kweli. Haitoshi kwa nafasi = nafasi - 2, kwa sababu kuonekana si sawa na kutogawanyika. Kwa hesabu ndogo za namna hiyo tumia namba za atomiki ambazo lugha nyingi zinazo, ambazo kusoma, kutoa na kuandika hufanyika kwa pigo moja. Katika C++ usidhani volatile yao ni hiyo hiyo. Jina ni moja, kazi ni nyingine.

Ukishajua kufunga, jifunze kufunga kwa muda mfupi. Usishike kufuli huku unasubiri malipo ya simu. Mgeni anatafuta namba yake ya siri, mtandao umekatika, na boti nzima imefungwa kwa ajili yake. Shika kufuli, mwekee nafasi yake kwa dakika chache, andika muda itakapokwisha, liachie, ndipo uende kwenye malipo. Jibu likija, shika tena, hakikisha nafasi bado ni yake, kamilisha. Na ujumbe wa malipo ukija mara mbili, jambo ambalo hutokea, utambue muamala kwa namba yake na usiuhesabu mara ya pili.

Makufuli mawili yana hatari yao. Familia moja inataka kuhama kutoka boti namba 3 kwenda namba 7, na kundi jingine linatoka 7 kwenda 3. Thredi ya kwanza imeshika 3 inaisubiri 7. Ya pili imeshika 7 inaisubiri 3. Zitasubiriana mpaka uzime seva. Dawa ni ya kawaida na inafanya kazi: daima shika boti yenye namba ndogo kwanza, bila kujali safari inatoka wapi. Mambo haya Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa akiyaandikia tangu 1965, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni kufuli lako mwenyewe. Chukua lililojaribiwa.

Huenda unaandika PHP na tangu mwanzo umekuwa ukijiambia haya hayakuhusu. Ni kweli kila ombi la PHP kwa kawaida lina kumbukumbu yake. Lakini kigeu chako cha pamoja hakikupotea, kimehamia kwenye kanzidata, na mchezo ni ule ule: soma mstari, hesabu kwenye PHP, andika mstari. Wewe ndiye uliyeko kwenye hatari zaidi kuliko wote, kwa sababu hujihesabu kuwa mtu wa thredi. Anayeandika JavaScript kwenye seva ana thredi moja ya kuendesha msimbo wake, lakini kila anaposubiri jibu la kanzidata anampisha mwingine, na mwingine huyo anaweza kuubadilisha ulimwengu kabla hajarudi. Wa Python ana kufuli kuu la lugha, ambalo halikuwahi kuifanya x += 1 iwe tendo moja, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta kwa majaribio Python isiyo na kufuli hilo. Wa Rust kompaila yake itamkatalia vigeu visivyolindwa, ila haitamzuia kuuza kiti kimoja mara mbili kama ameangalia kwa mshiko mmoja na kupunguza kwa mwingine.

Kuna siku pia utaongeza seva ya pili. Siku hiyo kila kufuli lililo ndani ya kumbukumbu ya seva ya kwanza linakuwa halina habari na ya pili. Ndiyo maana kwa mfumo wa biashara naweka ulinzi wa mwisho kwenye kanzidata kila mara. Amri moja tu: punguza nafasi kwa 2 pale ambapo namba ya boti ni hii na nafasi zilizobaki hazipungui 2. Kisha uliza mistari mingapi imebadilika. Ikiwa mmoja, umeuza. Ikiwa hakuna, mwambie mteja kwa adabu kwamba boti imejaa. Kuangalia na kupunguza vimo ndani ya amri moja, na kanzidata yenyewe inajua kupanga foleni. Kama unaandika na jina la abiria, viwe ndani ya muamala mmoja wa kanzidata, vifaulu pamoja au vishindwe pamoja.

Katika kutafuta kasoro, usitegemee kuchapisha ujumbe kwenye skrini. Kuchapisha kunachukua muda, kunabadilisha mpishano wa thredi, na kasoro inatoweka hapo hapo unapoitazama. Ukiondoa ujumbe, inarudi. Tumia zana: Go ina kitambuzi cha mashindano ya aina hii tangu toleo la 1.1 la mwaka 2013, na C na C++ zina ThreadSanitizer. Zana hizi huona tu yaliyopitiwa wakati wa jaribio, kwa hiyo lipe jaribio kazi. Njia nyingine ya kishenzi kidogo lakini yenye faida ni kuingiza usingizi wa nusu sekunde kati ya mstari unaosoma na mstari unaoandika. Pengo linapanuka, na kosa lililojificha miezi linajitokeza mara ya kwanza. Msimbo uliolindwa vizuri utakuwa wa polepole tu, hautakosea.

Kabla wageni wa Juni hawajaanza kuteremka, fanya jaribio hili kwenye nakala ya mfumo wako, wala si mfumo wenyewe. Tengeneza boti yenye nafasi moja. Andika programu ndogo ya kutuma maombi mia kwa mpigo. Hesabu tiketi zilizotoka na majina yaliyoandikwa, usiitazame ile namba ya nafasi peke yake. Ikitoka zaidi ya tiketi moja, zima kitufe cha kuuzia leo, mwambie nahodha ukweli, naye aendelee na daftari na simu yake mpaka umalize.